Ford ya Shemsa

Watu wa Erdington, huko Uingereza, waliomjua Shemsa Haroun kabla ya mwaka 2004 walimjua kwa cherehani. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari katika karakana moja kule Aston, mitaa michache kutoka uwanja mkubwa wa mpira, na mtu akitaka pazia, baibui la kupunguzwa au foronya za harusi, alipanda basi mpaka kwake. Mzaliwa wa Mkunazini, Unguja. Mwembamba, sauti ya chini, hapendi kujionesha. Hakuna aliyewahi kumhusisha na magari zaidi ya vile viti. Hata leseni ya udereva hakuwa nayo. Mtihani aliufanya akaangushwa, akarudia akaangushwa tena, na mumewe Maulid, dereva wa basi la abiria, alishaamua kimoyomoyo kwamba mkewe ataendeshwa maisha yake yote.

Jambo lenyewe lilianza Jumapili moja ya kiangazi. Bosi wake alimtuma apeleke viti vya mteja kwenye maonyesho ya magari, kwenye kiwanja cha majani nje ya mji. Shemsa alitarajia kukuta magari ya matajiri. Akakuta vitu asivyowahi kuviona: vigari vya zama za babu yake, vyenye pua ndefu na taa mbili zilizotumbuka, lakini vimevuliwa madigadi, vimeshushwa mpaka vinakaribia kulala chini, tairi za nyuma pana kama mapipa, na injini zimeachwa wazi zinang'aa kama sufuria za bibi harusi. Wenyewe waliviita hotrodi. Gari la kale, wakamweleza, unalivua, unalitia injini ya nguvu, unalifanya liwe lako na la mtu mwingine yeyote lisiwe.

Mteja wake akawasha la kwake. Ule mngurumo ulimpanda Shemsa kutoka kwenye nyayo, ukapita magotini, ukamkaa kifuani.

"Nani amekuundia?" aliuliza.

"Nimeunda mwenyewe," alisema yule bwana. "Nyumbani, kidogo kidogo."

Njia nzima ya kurudi Shemsa hakusikia kingine. Nimeunda mwenyewe. Jioni ile, mbele ya chai, akamwambia mumewe. Maulid alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mama Asmahan, watu huanza kujifunza kuendesha, ndipo wakatafuta gari. Wewe unataka kuanza kwa kuliunda?"

"Kwani wewe basi lako umeliunda?"

"Sikuliunda."

"Basi ni mambo mawili mbalimbali."

Binti yao Asmahan, aliyekuwa akisoma chuo kikuu na kukaa na wenzake mtaa wa Selly Oak, alipigiwa simu apewe habari. Akajibu kwa Kiingereza, kama ada yake, kwamba mama tafadhali asimwambie mtu mwingine.

Lakini Shemsa aliwaambia watu, na hivyo ndivyo gari lilivyopatikana. Mzee mmoja Mwingereza, jirani wa karakana yao, alikuwa na Ford ya miaka ya hamsini nyuma ya nyumba yake, imelala pale tangu mkewe alipoacha kuendesha. Mti wa porini ulikuwa umeota chini yake, ukapenya sakafu, ukatokea dirishani. Kutu imekula milango mpaka mkono unapita. Mzee alikuwa anahamia kwa bintiye kule Devon na hakutaka pesa. Alitaka kochi la marehemu mkewe lishonwe upya, kwa kitambaa kinachofanana na kile cha zamani, ahame nalo.

Shemsa alilishona kochi lile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya. Mzee alipokaa juu yake akapapasa mkono wa kochi, halafu akasema, "Chukua gari lako, mwanangu. Na mti wake."

Sasa pa kuliweka. Karakana ya Lalita ilikuwa chini ya tao la reli, Aston hapo hapo. Lalita alikuwa mwanamke wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, aliyerithi gereji kwa babake na kuiendesha kwa mkono wa chuma. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu hasa, na alikuwa akikitafutia mtu wa kuzungumza naye. Alilizunguka lile gari likiwa juu ya trela, akachomoa tawi dirishani.

"Shemsa, hii si gari. Hii ni shamba."

"Nipe kona tu, dada. Nikushonee viti vya wateja wako."

"Kona nitakupa. Lakini mimi sikutengenezei. Nitakuonyesha, halafu utafanya mwenyewe. Hapo tumeelewana?"

"Ndivyo ninavyotaka."

Wakaelewana. Kila Jumapili Shemsa alivua baibui, akavaa ovaroli aliyojipunguzia mwenyewe kiunoni, akaingia chini ya tao. Kwanza alijifunza kukata. Grainda ilimtisha, cheche zilimrukia, naye akaruka nyuma kila mara, mpaka siku moja akagundua kwamba amekata sakafu nzima ya gari bila kufumba macho. Kisha akaja kwenye kuchomelea. Kazi yake ya kwanza Lalita aliiangalia kwa muda, kofia ya kuchomelea ikiwa imepandishwa utosini.

"Sasa hii ni welding gani? Hii ni matapishi. Kata, rudia."

Alikata, akarudia. Akakata tena. Kilichomsaidia hatimaye kilikuwa cherehani. Aligundua kwamba mkono unaoharakisha unaharibu mshono, wa chuma kama wa kitambaa, na kwamba lazima usikilize mlio. Siku mlio ulipokuwa mmoja, laini, kama mafuta ya kukaangia, alijua kabla hajatazama.

Mwaka uliofuata kiwanda kikubwa cha magari upande wa kusini wa mji kilifungwa, na maelfu ya watu wakarudi nyumbani. Karakana ya viti nayo ikakosa kazi, zamu za Shemsa zikapungua. Mashoga zake walimpa pole. Wengine wakasema huku nyuma kwamba dhiki imempanda kichwani, maana badala ya kutafuta kazi nyingine ya maana, yuko gerejini anapaka grisi. Maneno yalimfikia. Alilia kidogo, akanawa uso, akaenda gerejini siku za Jumanne na Alhamisi pia.

Maulid hakuwa amekanyaga pale hata mara moja. Siku moja mchana alileta chakula, kwa kuwa mkewe alisahau cha kwake. Aliona miguu miwili tu imejitokeza chini ya gari, akasikia sauti ya mkewe ikihesabu boliti kwa Kiarabu cha chuo cha Kurani, wahid, ithnayni. Hakumwita. Alikaa juu ya tairi, bakuli la pilau mapajani, akamtazama vile kwa muda mrefu. Gari halikuwa tena lile lililotolewa nyuma ya nyumba ya mzee. Sakafu ilikuwa mpya, milango mipya, na chesisi imepakwa rangi nyeusi inayong'aa.

Shemsa alipotoka, uso mweusi kwa mafuta, akamkuta.

"Umekuja lini?"

"Muda mrefu," alisema Maulid. "Injini utapata wapi?"

Lilikuwa swali la kwanza la kweli kumuuliza. Na jibu alilileta mwenyewe. Mwenzake mmoja pale depo ya mabasi alikuwa na gari kubwa lililogongwa nyuma, injini yake ya silinda nane nzima kabisa. Maulid alikwenda kuliona, akaisikiliza injini, akarudi anatembea kama aliyepata mtoto wa kiume. Waliishusha pamoja, Lalita akiamuru, Maulid akivuta mnyororo, Shemsa akiiongoza kwa mikono miwili ikae mahali pake.

Kilichofuata kilimuumiza. Gari lilipokamilika kwa mara ya kwanza, wakalipeleka kwenye ukaguzi. Mkaguzi, mwanamume mpole, aliingia chini na tochi akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka akatikisa kichwa. Vishikio vya ekseli ya nyuma havikuchomelewa mpaka ndani. Kwa injini ile, alisema, siku moja vingeachia, na gari lingekwenda upande wake na magurudumu upande wao.

Vilikuwa ni katika kazi zake za mwanzo, zile alizozifanya kabla hajausikia mlio. Lalita alijilaumu kwa kutoviona.

"Nipe wiki moja," alisema Lalita njiani. "Nitavifanya mimi, vipite, tumalize."

Shemsa alitazama nje ya dirisha la gari la kuvuta mpaka wakafika Aston.

"Hapana, dada. Nikikuachia hivyo, kila nitakapokanyaga mafuta nitajua kwamba nimekaa juu ya kazi yako."

Akaing'oa sehemu yote ya nyuma. Alikata vile vishikio, akatengeneza vingine, akachomelea polepole, na kwa kila mshono akachomelea mmoja wa mfano, akaukata kwa msumeno kuona kama moto umeingia mpaka ndani. Mvua za baridi zilimkuta hapo hapo. Wakati huo huo akachukua tena masomo ya udereva, na safari hii Maulid mwenyewe ndiye aliyemkalia pembeni jioni, bila kupiga kelele, jambo ambalo kwa dereva wa basi si dogo. Mtihani akapita. Yule mkaguzi naye aliingia chini na tochi yake, na alipotoka alikuwa anatabasamu.

"Nani amekuchomelea safari hii?"

"Nimechomelea mwenyewe," alisema Shemsa.

Viti aliviacha vya mwisho, kama mtu anavyojiwekea kipande kitamu cha nyama. Alivishona kwa ngozi ya rangi ya maziwa, mishono ya zambarau, na bodi nzima ikapakwa zambarau ile ile.

Kiangazi cha 2007 wakaenda nalo kwenye barabara ya mashindano, uwanja wa ndege wa zamani wa vita ambako watu hushindana robo maili ya njia iliyonyooka, magari mawili mawili. Siku hiyo ilikuwa ya kila mtu; ulete ulicho nacho. Shemsa aliendesha mwenyewe kutoka Erdington, Maulid pembeni, Lalita nyuma yao na gari la vifaa. Chini ya helmeti alivaa ushungi wa pamba aliojishonea, unaobana vizuri.

Getini mtu wa fulana ya njano aliinama dirishani, akampita Shemsa kwa macho, akamwomba Maulid karatasi za dereva.

"Mimi naendesha basi," alisema Maulid. "Dereva ni huyu."

Raundi ya kwanza ilikuwa aibu. Taa ya kijani ilipowaka, Shemsa aliachia klachi ghafla, gari likaruka kama chura, injini ikazima. Mwenzake alishafika mwisho yeye angali anatafuta ufunguo. Jukwaani watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Alirudi kwenye foleni. Lalita akaingiza kichwa dirishani.

"Ulishtuka?"

"Nilishtuka."

"Basi umeshashtuka. Hiyo imeisha. Sasa endesha."

Raundi ya pili walimpanga na kijana mwenye gari jekundu la Kijapani, jipya, lenye bawa nyuma. Shemsa alitazama mbele, akasikiliza injini yake tu. Taa za manjano zikashuka moja baada ya nyingine. Kijani. Safari hii mguu uliachia klachi taratibu, kama unavyouanza mshono mrefu, na ile silinda nane ikapiga ukelele. Mgongo wake uligandamizwa kwenye ngozi aliyoishona, pua ya gari ikainuka kidogo, dunia ikawa mstari mmoja mweupe. Alihisi ekseli ya nyuma chini yake, imara, imetulia, ikisukuma. Aliliona gari jekundu kwa pembe ya jicho. Kisha hakuliona tena.

Hakujua kama ameshinda mpaka alipopunguza mwendo kule mwisho, kwa sababu masikio yake yalijaa kelele, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni yake. Alikuwa anapiga vigelegele, peke yake, ndani ya helmeti, vile vya harusi za Mkunazini. Taa kubwa ya mshindi, ya upande wake, ilikuwa inawaka.

Aliporudi, Maulid, mtu asiyekimbia hata basi lake likimwacha, alikuwa ameruka uzio na kupoteza kiatu kimoja. Alimkumbatia mbele za watu wote. Lalita alikuwa analia na kusingizia moshi. Yule kijana wa gari jekundu alikuja kumpa mkono, akapiga magoti kuangalia chini ya gari, akauliza maswali mengi, na Shemsa akayajibu yote kwa sauti yake ile ya chini.

Habari zilifika Erdington kabla yao. Wale wale waliosema dhiki imempanda kichwani wakaanza kumtafuta: Nasreen, binti wa jirani, hakutaka limuzini siku ya harusi yake, alitaka Ford ya zambarau ya Bi Shemsa. Wakamfuatia wengine. Asmahan akaja kutoka Selly Oak na marafiki tele, akasimama mbele ya gari kupigwa picha, akiwaambia wote, kwa Kiingereza, kwamba mama yake ndiye aliyeliunda.

Baadaye Shemsa aliunda jingine, na jingine tena la mteja, mpaka gereji ya Lalita ikawa na jina la Shemsa pia mlangoni. Lakini lile la kwanza hakuliachia. Mwaka 2009 bwana mmoja alisafiri kutoka Manchester makusudi kulinunua. Shemsa alimkalisha kwenye kiti cha dereva, akamwashia injini, akamwacha asikilize mpaka akatosheka. Kisha akaizima, akachukua ufunguo, akamkaribisha ndani kwa chai na vitumbua. Bwana yule alikunywa chai, akala vitumbua, akauliza bei. Shemsa akamwongeza chai.