Ndugu Niliyemtafutia Baba

Hii nawaambia ninyi tu, na mkicheka chekeni taratibu, maana hadi leo nikipita Rugerero nainamisha kichwa najifanya natafuta kitu mfukoni.

Mimi nilizaliwa na kusoma Tanzania, na huko mtoto anabeba jina la baba yake, basi mimi ni Deo Luhumuliza (baba ni Ruhumuriza, ila karani wa shule alikuwa Msukuma, na kwake r haikuwa na nafasi kabisa). Miaka ya tisini mwishoni tulirudi Rwanda, nikapata kazi Gisenyi, na baba akakaa Kibungo akimlilia mdogo wake waliyepotezana wakiwa vijana.

Nikajifanya mtafiti. Nikawaza, kumbe huyu mtu nitamkosa nikimtafuta kwa l, yeye yuko kwenye r! Nikaenda parokiani, nikapekua daftari la waumini, na kweli nikamkuta: Ruhumuriza, mzee aliyerudi kutoka Masisi, Kongo, anakaa Rugerero, nje kidogo ya mji. Furaha niliyokuwa nayo, jamani!

Nikapanda pikipiki siku hiyohiyo. Nikamwambia mzee naitwa Luhumuliza, na baba yangu alikuwa Tanzania na anamtafuta mdogo wake. Mzee akanikumbatia huku machozi yanamtoka.

"Mana yanjye! Mungu yangu! Mukubwa yangu alipatia mutoto jina yangu!"

(Hapo ndipo ningeuliza ana maana gani. Sikuuliza, nilidhani ni Kiswahili chao cha Kongo tu.)

Sasa kosa langu: niliamua kumshtukiza baba. Nikamwandikia aje Jumapili, nina habari njema, basi.

Jumapili mzee amechinja mbuzi, binti zake wamekuja kutoka Goma, majirani wamejaa uani pamoja na wanakwaya. Baba akaingia na koti lake la sherehe, nami nikapaza sauti kama mhubiri: "Baba, mdogo wako huyu hapa!"

Wakatazamana. Baba, mtu wa adabu, akanyoosha mkono: "Naitwa Ruhumuriza."

"Nani?"

"Ruhumuriza."

"Lakini Ruhumuriza ni mi!"

Mimi natazama huku na huku sielewi kitu, mpaka baba akanigeukia. "Deo, hili jina nilipewa mimi peke yangu nilipozaliwa. Kwetu kila mtoto anapewa lake. Mdogo wangu angeitwaje Ruhumuriza?"

Mzee naye akaniuliza polepole, "We, hiyo jina haiko yako?"

"Ni la baba, mzee. Mimi ninalitumia tu."

Akakaa chini. Kaka yake naye alipotelea Tanzania, na wiki nzima alikuwa akimsubiri. "Donc, kumbe hakukuja," akasema. Nilitamani ardhi inimeze. Wale wazee wawili walikula pamoja, wakaulizana habari za ndugu zao bila kupata lolote, na mimi mbuzi yule sikumgusa.

Nimeapa sitafungua tena daftari la mtu kabla ya kuzungumza na watu wa nyumbani kwangu. Maana tukirudi mjini baba aliniuliza jambo moja tu: "Mdogo wangu anaitwa nani?"

Sikujua. Miaka yote hiyo namsikia akimlilia, sikuwahi hata kumuuliza.