Makaratasi ya Kabati la Mama

Jikoni kwangu, roli la foili na lile la nailoni ya kufunikia vyakula yamesimama wima ndani ya mlango wa kabati, kila moja na kishikio chake. Chini yake kuna debe lenye mfuniko wa kubana, na humo ndimo inamoingia mifuko yote ya nailoni iliyokwisha kazi. Wageni hunicheka wakiniona ninavyoukandamiza ule mfuniko kwa mikono miwili. Wacha wacheke.

Nyumbani kwa mama, kijijini Daudi, soko huria lilitufikia kwa njia ya nailoni. Zamani sukari ilifungwa kwenye gazeti. Sasa chumvi, mkate, hata vitunguu vitatu, kila kitu kilikuja na mfuko wake. Mama hakutupa hata mmoja. Aliikunja, akaisukumia ndani ya kabati la vyombo, mpaka sahani zikakosa nafasi zikahamia kwenye beseni sakafuni. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu, nimeshajiona mtu wa mjini, na nilimwona bahili tu.

Likizo ya Desemba, siku mama alipokwenda harusini, nililishambulia kabati. Makaratasi, ndivyo tulivyoiita mifuko ile, yalitoka hayaishi. Niliyakunja vifurushi vya ukubwa wa ngumi, nikavifunga kwa uzi wa sufi mwekundu niliokuwa nafumia kofia, maana hata takataka nilitaka ziwe na mpangilio. Choo kilikuwa chini bondeni na mvua ilikuwa inanyesha. Nikavitupa jalalani nyuma ya jiko, nikafunika kwa maganda ya mahindi.

Mama aliporudi alikuta sahani zimesimama kwa ukubwa wake na vikombe vinaning'inia kwenye misumari. Alifurahi kama mtoto.

"Na makaratasi yangu?"

"Nimeyatupa chooni, mama."

"Umefanya vizuri sana. Mimi magoti hayaniruhusu kuteremka kule kila siku."

Kesho yake aliwaita majirani waje walione kabati.

Niliporudi likizo ya Juni, tulikuwa tumeshaambiwa kwamba sisi si watu wa Mkoa wa Arusha tena, ni wa Manyara. Lakini nyumbani hakuna aliyezungumzia mkoa. Ng'ombe aliyekamwa na mama alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, huku tumbo limevimba upande mmoja. Hakuwa wetu. Kwetu mtu humweka ng'ombe wake kwa mwenzake: maziwa ni ya anayemtunza, ndama ni wa mwenyewe. Huyu alikuwa wa mzee mmoja wa Endagikot, na mama, mjane, aliyategemea maziwa yale na imani ile ya kukabidhiwa mali ya mtu.

Baba mdogo alimchinja kabla hajajifia. Alipopasua tumbo kubwa, kisu kilikwama. Akaingiza mikono yote miwili, akavuta bonge jeusi lililosokotana, likaanguka kwenye majani. Ilikuwa nailoni tupu.

"Haiwezekani," mama alisema. "Nailoni haitoki ndani mwangu. Ng'ombe wa jirani alikufa hivi hivi, ndiyo maana nilikuwa nazificha kabatini. Zina chumvi, ng'ombe wanazipenda."

Miaka yote ile nilidhani ni ubahili. Baba mdogo alilimwagia bonge maji, na pale katikati ukatokea uzi wa sufi, bado mwekundu, fundo langu halijafunguka. Nilimwangalia mama. Alikuwa ameshaliona fundo, na alikuwa ananiangalia mimi.

Ng'ombe wa kuwekwa akifa, mwenyewe hupelekewa ngozi aone kwamba hakuuzwa. Mama aliikunja ngozi, akaweka na bonge lile juu yake.

"Utapeleka wewe," alisema.

Nilitembea hadi Endagikot nimebeba kichwani, maji ya ngozi yananichuruzika shingoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Mzee aliitazama ngozi, kisha bonge. "Mama yako aliniahidi nailoni hazitoki ndani mwake."

"Hakuzitoa yeye, babu. Nilizitoa mimi nikipanga kabati. Nikazitupa jalalani, nikamwambia nimezitupa chooni."

Mzee akauliza, "Yeye angeweza kuniambia ni ugonjwa. Kwa nini hakusema hivyo?"

Nikaitua ngozi na bonge miguuni pake.

"Mwambie aje achague ng'ombe mwingine," alisema. "Aje mwenyewe."

Akainama, akalishika lile bonge, akalivuta fundo kwa kucha mara mbili. Halikulegea.

"Umelifunga vizuri," alisema, akanirudishia.