Wimbo wa Nyumokoniosisi

Juzi binti yangu alikuwa akipiga makofi kugawa silabi, nikausikia tena mchi wa mama wa utotoni mwangu.

Baba, mchimbaji wa dhahabu, alikuwa ametoka hospitali Tarime na jina la ugonjwa wake. Nilidhani neno refu vile ni la heshima. Nikaliimba uani, mama akitwanga mawe ya dhahabu kwenye kinu cha chuma, pigo moja kila silabi: nyu-mo-ko-ni-o-si-si, nikiikaza “si” ya kwanza. Vumbi lilinuka baruti.

“Imba, mwanangu,” mama alisema, “mchi unakuwa mwepesi.”

Baba alicheka mpaka akakohoa.

Leo najua vipande vyake: nyumo ni pafu, koni ni vumbi, osisi ni ugonjwa. Daktari alitupatia neno zima bila kulifungua. Baba tulimzika, mama akaendelea kutwanga, mpaka naye akapewa neno lile lile.