Neno Jipya la Sauda

Jamani, hii niliapa nitakwenda nayo kaburini, lakini kwa kuwa nusu ya wazazi wa mtaa wetu hapa Mbagala walikuwepo na waliiona kwa macho yao, basi bora mnisikie mie mwenyewe kuliko mje msimuliwe gengeni mnanunua nyanya.

Mwenzenu nafundisha chekechea, mwaka wa sita huu, na miaka mitano ya mwanzo mzazi akifika getini anauliza ticha Hawa yuko wapi. Halafu akaja Upendo kutoka Iringa, mpole, sauti ya chini, shikamoo kwa kila mkubwa mpaka mzee mlinzi, na hata muhula haujaisha mzazi akifika getini anamuulizia ticha Upendo. Nisiwafiche, roho iliniuma. Ile roho ya kwa nini mnayoisikia kwa watu, mie nilikuwa nayo mpaka chakula hakipandi.

Na chanzo chenyewe ni maneno. Mada ilikuwa watu wa mtaa wetu, ili watoto waongeze msamiati, basi mie nikabandika picha ukutani kama nilivyofanyaga miaka yote, huyu daktari, huyu polisi, huyu mkulima (mkulima, Mbagala hii), watoto wakaitikia, tukafunga vitabu. Upendo yeye akawapanga wa kwake mstari, wameshikana mashati, akawapeleka ofisi ya serikali ya mtaa, na mtendaji akawaachia wagonge muhuri kwenye karatasi chakavu. Jioni ile watoto wa miaka minne wako majumbani wanasema muhuri, wanasema barua ya utambulisho, na kesho yake mama mmoja akaniita pembeni, mie, kunisifia Upendo. Nikacheka naye, nikaitikia kila sifa.

Ingekuwa sifa tu ningevumilia. Lakini Mama Anna, mwenye shule, alikuwa anafungua tawi Kigamboni, na alishatuambia kwamba Siku ya Wazazi ikiisha atamtaja mwalimu mkuu kati yetu wawili. Kile cheo mie nilishajipa zamani, mpaka shangazi zangu Mtwara wanajua.

Nikasema na mie natoka. Nikawapeleka wangu kwa Mama Zawadi, fundi cherehani, shoga yangu, na nikawawekea sheria kwamba ukisikia neno hulijui, uliza, usione aibu (sheria yenyewe nilimwibia Upendo). Wakajua uzi, wakajua pindo, wakajua futi kamba, mambo mazuri kabisa, mara Upendo huyo anapita na watoto wake. Nikamkumbatia, nikamwambia kipenzi changu umependeza, hicho kitenge kimekukaa. Akaenda zake. Hata kona hajakunja nikamgeukia Mama Zawadi nikamwambia, mnafiki mkubwa yule, upole wote ule anatafuta cheo.

Sauda, binti wa miaka mitano mwenye masikio kuliko umri wake, akaniangalia.

"Ticha, mnafiki ndo anafanya kazi gani?"

Hapo ndo ningesema hayo ni maneno ya wakubwa, tuendelee na pindo, yakaisha. Lakini wivu ulishanipanda kichwani, na Mama Zawadi alikuwa anacheka, nami nikichekewa huwa sijui kunyamaza. Nikamjibu kwa mapozi yote kwamba mnafiki ni mtu anayekuchekea usoni, ukigeuka anakusema. Na watoto, kwa mazoea, wakaitikia wote kwa pamoja, mnafiki ni mtu anayekuchekea usoni, ukigeuka anakusema. Tukarudi shule.

Jumamosi ikafika, ndo Siku ya Wazazi yenyewe, turubai limefungwa, wazazi wamejaa, mgeni rasmi ni mwenyekiti wa mtaa. Darasa la Upendo likaanza na mihuri yao, makofi. Likaja langu, na nawaambia watoto wale walinipa raha, futi kamba ni ya kupimia, pindo linakunjwa hivi, makofi yakazidi yale ya Upendo, nikamwona Mama Anna anaandika kitu kwenye daftari lake. Nikajiona niko Ofisi ya Mwalimu Mkuu nazungusha kiti.

Mwenyekiti akanogewa. Akauliza nani ana neno jingine alilolipata mtaani. Mkono wa Sauda ukawa juu peke yake.

"Mnafiki," akasema, akalitoa na maana yake yote bila kukwama.

Wazazi wakaguna. Mwenyekiti akacheka mpaka miwani ikashuka, akamuuliza, haya mjukuu wangu, na wewe mnafiki ulishawahi kumwona? Sasa hapa niseme ukweli, maana ndo nimekaa kuusema. Ningeweza kuwahi. Ningeweza kuanzisha wimbo, watoto wangedakia. Lakini kuna kipande cha roho yangu kilichosema mwache, mwache amtaje Upendo mbele za watu. Nikakunja mikono, nikasubiri.

"Ndiyo. Ticha Hawa," Sauda akasema, kwa sauti nzuri niliyomfundisha mwenyewe. "Alimkumbatia ticha Upendo kwa fundi, akamwambia amependeza. Alivyoondoka akamsema."

Nilitafuta pa kuangalia nikakosa. Kulikuwa na kicheko nyuma, halafu hata kicheko kikakatika, na Upendo alikuwa ameshika kitenge chake kilekile, ameinamisha uso. Yeye ndiye aliyesimama akawaanzishia watoto wangu wimbo.

Mama Anna hakuniita hata ofisini. Jumatatu jina la Upendo likatajwa. Nikamfuata, nikamwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema amesamehe, ila yale maneno yalimuuma, na kitenge kile hajakivaa tena.

Nimeapa, mtu nikikosa la kumwambia mbele yake, na nyuma yake ninyamaze. Na si kwamba nimekuwa mtu mwema sana. Ni kwamba tawi la Kigamboni halijafunguliwa bado, na kila asubuhi nikimsalimia Upendo getini, Sauda anaacha kucheza, anasimama pale, na haniondolei macho mpaka Upendo aingie ofisini.