Saidati, dobi wa Gisenyi anayewapa wanandoa shuka wakamue

Saa mbili asubuhi, ukingoni mwa ziwa, Saidati anatoa shuka nzito ya hoteli kwenye beseni. Upande mmoja anampa Dancille, muuza samaki. Upande wa pili anampa Ndayisaba, mvuvi, mumewe Dancille. Hawatazamani.

"Kamueni," anawaambia. "Mama ataongea. Baba atajibu maji ikiacha kudondoka. Kabla ya hapo, kimya."

Saidati ana miaka hamsini na kitu. Hoteli humlipa kwa kikapu, faranga za kutosha unga na sabuni, basi. Lakini majirani zake Waislamu, na siku hizi hata Wakristo wa huku ziwani, humletea ndoa zilizochoka. Kwa hilo hapokei kitu, ila mikono ya kukamua.

"Nikiwa mwari walinifundisha kupika na kunyamaza," anasema. "Bwana yangu walimufundisha nini? Kuchinja mbuzi!"

Ndoa yake ilivunjika.

Leo mzigo wa Dancille umekwisha kufungwa, mtoto yuko mgongoni. Mara mbili amekimbilia kwa kaka yake aliye Goma, ng'ambo ya mpaka, na mara mbili Ndayisaba amemfuata na pombe ya ndizi na wazee wa kumsemea. Wazee waliomba radhi, mwenyewe akanywa tu. Sasa Dancille ameapa: asiposikilizwa leo, akienda harudi.

"Ulinifungia mulango," anaanza. "Mvua inanyesha, mutoto iko na homa. Nilitoka kutafuta dawa, we ukasema chakula imechelewa..."

"Bon, sawa, nisamehe! Yaishe!"

Ndayisaba anavuta shuka, nusura ichanike.

"Pole pole, bwana!" anacheka Mukandutiye, dobi anayefulia kwenye jiwe la pili. "Hii ni shuka ya Muzungu, haiko wavu!"

Saidati hacheki. "We Ndayisaba, hii musamaha yako ni ya kumuziba mudomo. Maji ingali inatoka."

Mwanamume anarudi kukamua. Mishipa ya shingo imemtoka.

"Niligonga," Dancille anaendelea. "Nikaita jina yako. Toka siku ile najiuliza, ulikuwa umelala?"

Matone yanapungua, yanaacha. Ni zamu ya Ndayisaba sasa. Hata Mukandutiye ameacha kusugua.

"Sikulala," anasema mwishowe. "Nilikusikia."

Dancille anaachia shuka, inaanguka mchangani. Anabeba mzigo wake.

"Naenda kwa kaka. Pombe usilete. Wazee usilete."

"Donc, basi, nikuje lini?"

"Nitakuita."

Anaondoka. Ndayisaba anapiga hatua moja kumfuata, amekunja ngumi. Saidati anamtia upande wa shuka mkononi.

"Suuza. Imeshika muchanga."

Kisha anamgeukia Mukandutiye, anasema kwa sauti ya chini: "Mi bwana yangu alinifuata na fimbo. Namuombea huyu kwa Mungu, angoje mpaka aitwe. Akiweza, bibi yake atarudi. Na mi huyu bwana nitamuleta hapa asaidie kusema na wanaume wengine, mi peke yangu hawanisikii."

Ndayisaba ameingia majini, ameinama, anasuuza. Macho yake yako kwenye njia ya Goma, ila miguu haijatoka majini.