Kabichi za Jumamosi Ile

Nilipoolewa Marangu, watu walikuwa wameshaikatia kahawa tamaa, ingawa mibuni ilikuwa bado imesimama mashambani. Bei ilikuwa imeanguka. Dawa na mbolea tulizokuwa tukizipata kupitia ushirika zilikuwa sasa za kununua dukani, na wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, wakachukua walichotaka, wakaondoka. Mume wangu aliacha kupogoa akaenda kubeba mizigo ya watalii mlimani. Akipata safari, hatukumwona kwa siku sita au saba. Kihamba, lile shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, kikabaki mikononi mwa wanawake wawili, mimi na mama yake.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kulalamika. Aling'oa mibuni iliyozeeka karibu na mfereji, akapanda mboga pale chini ya migomba. Parokiani kulikuwa na mafunzo ya kulima bila dawa za dukani, naye alihudhuria siku zote tatu. Aliporudi nilimuuliza wamefundishwa nini.

"Wametufundisha alivyokuwa akilima mama yangu," alisema, akaenda kukoroga samadi.

Masika tuliuza mnafu, ile mboga chungu ambayo watu wa kwetu hawawezi kukaa bila kuila, pamoja na mchicha na majani ya maboga. Ukungu wa Juni na Julai ulipotushukia, karoti zilinenepa na kabichi zikajifunga ngumu kama mawe. Vuli ilikuwa ya maharage na hoho. Miezi mibaya ilikuwa Januari na Februari. Jua lilikuwa kali, maji ya mfereji tuliyapata kwa zamu, na viwavi walizaliana kuliko tulivyoweza kuwaua kwa majivu na maji ya majani ya utupa.

Kila Jumatano na Jumamosi niliteremka Moshi mjini kuuza. Nilikuwa na wateja wangu. Wa kwanza wao alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, ambaye familia yake ilikuwa na duka la vitambaa. Nyumbani kwao hawakula nyama. Alikuwa akiichukua karoti yangu, anaikwangua kwa kucha, anainusa, halafu anatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliwaambia jirani zake kwamba mboga zangu ni za kuaminika, na hao jirani wakaja.

Januari moja aliniambia, "Dada, Jumapili ya wiki ijayo tuna maombi nyumbani. Wageni wengi. Nataka kabichi zako, siyo za mtu mwingine. Utaweza?"

Nilimjibu kwamba nitaweza. Wakati nikisema hivyo, kabichi zangu zilikuwa zimetobolewa kama chekecheke.

Nilimweleza mama mkwe. Alikagua kitalu, akageuza jani moja na lingine. "Hizi hazifai kwa karamu," alisema. "Mwambie ukweli. Mpelekee magimbi na hoho."

Sikutaka kumwambia. Niliona nikishindwa mara moja tu, angepata muuzaji mwingine na jirani zake wangemfuata. Stoo, nyuma ya magunia ya kahawa, kulikuwa na kopo la dawa ya wadudu lililobaki tangu enzi za mibuni. Karatasi yake ilikuwa imechakaa, haisomeki. Alhamisi, mama mkwe alipokwenda msibani, nililichukua. Nilikadiria kwa macho, nikachanganya kwenye ndoo, nikanyunyiza kwa ufagio. Kufikia Ijumaa viwavi walikuwa wamelala chini, wamekufa. Mama mkwe aliporudi alisema utupa safari hii umekuwa na nguvu.

Jumamosi alfajiri nilikata kabichi zote, nikabandua majani ya nje yaliyotoboka, nikayaacha kwenye rundo kando ya kitalu, nikapanda basi la kwanza. Yule mama alifurahi sana. Alichukua karibu zote. Zilizobaki zilichukuliwa na mwalimu mmoja, mteja wangu wa zamani, na watu wawili waliokuwa wakipita tu, ambao sikuwahi kuwaona kabla ya siku hiyo.

Niliporudi nyumbani mchana, nilisikia ng'ombe wetu akikoroma kabla sijafika bandani. Alikuwa amelala ubavu, mate yakimtoka kama povu la sabuni, miguu ikitetemeka. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti pembeni yake, na bwana mifugo alikuwa akimchoma sindano.

"Amekula nini leo?" bwana mifugo aliuliza.

"Majani ya migomba kama kawaida," mama mkwe alisema. "Na yale majani ya kabichi aliyoyaacha huyu asubuhi. Niliona yasipotee bure."

Bwana mifugo alinitazama. "Mlipiga dawa?"

"Sisi hatupigi dawa," mama mkwe alimjibu, kabla sijafungua mdomo. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja jina lake.

Nikasema, "Nilipiga, mama. Alhamisi. Ile ya kahawa."

Hakunigombeza. Aliendelea kumpapasa ng'ombe shingoni, akauliza bila kunigeukia, "Na kabichi ziko wapi?"

Ng'ombe alikufa kabla jua halijazama. Basi la mwisho la kwenda mjini lilikuwa limeshaondoka. Bwana mifugo alituonya tusithubutu kula nyama ile, akatusaidia kuchimba shimo.

Jumapili sikwenda misa ya kwanza, nilikwenda Moshi. Kwa yule mama nilikuta viatu vya wageni vimeshaanza kupangwa mlangoni. Uani, wanawake wanne walikuwa wameketi wakikatakata, na kabichi zangu zilikuwa kwenye mabeseni mawili makubwa, nyeupe, nzuri.

"Shikamoo, mama," nilisema. "Naomba msizipike."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kopo, ndoo, ufagio, ng'ombe. Wale wanawake waliacha visu. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Ng'ombe asingekufa, ungekuja?"

Nilitaka kusema ndiyo. Aliwaambia wenzake wakayamwage mabeseni na wayaoshe kwa sabuni, akamtuma mtu sokoni kununua viazi. Halafu akaniambia niende, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa sababu wageni wanaingia.

Mwalimu nilimkuta kwake. Kabichi yake ilikuwa bado haijaguswa. Wale wapita njia wawili sikuwapata. Nilizunguka sokoni mpaka alasiri nikiuliza, lakini ningemuulizia nani? Mwanamke mwenye kitenge cha bluu? Kijana mwenye baiskeli? Wiki nzima niliogopa kusikia redio. Sikusikia lolote, na mpaka leo sijui kama hawakudhurika au habari zao hazikunifikia tu.

Jioni ile ya Jumapili nilipanda mlima kwa miguu kutoka kituoni. Kwenye mpaka wa kihamba chetu nilikata jani la isale, nikalifunga fundo, nikamwekea mama mkwe miguuni alipokuwa ameketi. Kwetu anayepelekewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Aliliokota.

"Nimesamehe kwa sababu ya jani," alisema. "Mimi mwenyewe bado."

Tuliishi hivyo miezi mingi. Tulizungumza kuhusu kazi: nani afungulie maji, nani apalilie. Bila ng'ombe samadi ilikwisha, na masika yale mnafu wetu ulitoka wa manjano. Mume wangu aliporudi kutoka mlimani, siku chache baada ya ng'ombe kufa, mama yake hakumwambia chochote. Nilimwambia mimi. Alikwenda stoo, akalichukua lile kopo na mengine mawili, akampelekea bwana mifugo.

Nilirudi sokoni, kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Aliyeniuliza kama napiga dawa, nilimweleza kilichotokea. Mama mkwe ndiye aliyeniagiza hivyo. Wengi waliondoka. Yule mama wa Kihindi hakununua tena kwangu. Nilipopita mbele ya duka lao nilimwamkia, naye aliitikia, "Marahaba, dada," akaendelea kukunja vitambaa.

Kiangazi kilichofuata viwavi walirudi. Asubuhi moja nilimkuta mama mkwe kitaluni amechutama na kopo la maji ya majivu, akiokota mmoja mmoja kwa vidole. Mgongo ulikuwa unamuuma siku hizo, nilijua.

"Anza upande ule," aliniambia. "Geuza majani. Wanajificha chini."

Nikachutama upande ule. Tuliokota mpaka jua likawa kali, na kesho yake tukaokota tena. Kabichi chache zilijifunga. Nilizipeleka Moshi na matundu yake, na nyingi nilirudi nazo.