Kinyago cha Shule ya Mwisho

Kikao cha kulinganisha matokeo ya darasa la saba kilifanyika Lushoto mjini, asubuhi ya ukungu. Nilikuwa afisa elimu kata huko tambarare, upande wa Mnazi. Kando yangu aliketi mwalimu mkuu wa shule mojawapo ya kata yangu, amejitanda kanga mbili kwa baridi.

Shule zilionyeshwa ukutani, kuanzia ya kwanza. Za juu zote zilikuwa za milimani. Ya huyu mwalimu wa kando yangu ilikuwa ya mwisho.

"Dada, huko mnafundisha au mnachunga mbuzi?" akauliza mwalimu mkuu mmoja wa shule ya milimani, jirani na Irente. Ukumbi ukacheka.

"Tunafundisha waliopo, kaka. Wengine wako mpungani wanafukuza ndege. Hamia kwetu utusaidie kuwaita."

"Na joto lile? Niache nife na baridi yangu."

Mwalimu wangu alicheka naye, lakini alijua kinachofuata. Shule ya mwisho hupewa kinyago cha aibu, sura iliyochongwa kwa mti yenye meno nje, nacho hukaa mezani ofisini mpaka matokeo mengine. Akaninong'oneza, "Mzee, nitetee. Wazazi wamekubali juzi tu kuchanga mahindi ya uji wa watoto. Wakiliona dubwana hili, basi tena."

Nikasimama. Nikaeleza kuwa mwalimu anayepangiwa kwetu huomba uhamisho kabla hajafungua begi, na kuwa watoto wanashinda na njaa. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu.

"Hayo tunayajua, afisa. Lakini kila mtu akitetewa, nani atakipokea?"

Akamwita mbele. Wakampigia makofi.

Tulishuka nacho kimeviringishwa kwenye kanga yake. Nikamshauri akifungie kabatini. Akakataa; wakaguzi wasipokikuta mezani, angeandikiwa barua.

Wazazi walikuja wiki hiyohiyo na viroba vya mahindi. Mmoja wao, baba mtu mzima, alikitazama kutoka mlangoni.

"Mwalimu, mahindi yetu tumlishe huyu?"

Wakacheka. Hakuna aliyegomba. Mmoja mmoja wakabeba tena viroba vyao, wakiaga vizuri, wengine wakimpa pole. Mimi niliwasihi hadi kwenye njia ya baiskeli, na wote waliniitikia, "Tumekusikia, mzee," bila kusimama.

Niliporudi, watoto walikuwa wamekwisha kupanga mstari na vikombe vyao, wakingoja uji. Mwalimu mkuu alikuwa bado ameketi.

"Utawaambia wewe," akaniuliza, "au niwaambie mimi?"

 Akainuka, akatoka kuwaendea watoto.